"Baba yake alizaliwa wapi?" Swali ambalo makandida wengine wanaulizwa na wengine hapana

Hewa Bora ni jina ambalo wazee wa Fizi wanalijua vizuri. Huko juu katika milima ndiko Laurent-Désiré Kabila aliweka maquis ya PRP, chama alichokianzisha mwaka wa 1967. Na ndiko, kwa kufuata maandiko rasmi, mtoto wake Joseph alizaliwa tarehe 4/6/1971. Kwa miaka mingi hakuna mtu wa mbali aliyejali kijiji hicho. Lakini mwaka wa 2006, wakati wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi kisha miaka zaidi ya 40, Hewa Bora ikawa jambo la inchi nzima. Kinshasa watu walikuwa wanauliza: huyu mtu aliyezoea Kiswahili na Kiingereza, na Lingala inamusumbua, ni Mkongomani kweli? Baba yake ni nani? Mama yake ni nani? Kwa nini alikomalia Tanzania?

Jibu la familia na la serikali lilikuwa moja. Baba ni Laurent-Désiré Kabila, mtu wa Katanga. Mama ni Sifa Mahanya, wa kabila la Wabangubangu wa Maniema. Mtoto alikomalia Tanzania kwa sababu baba alikuwa muasi aliyetafutwa na Mobutu. Kwa mkaaji wa Fizi, habari ya namna hiyo haina ajabu. Tangu vita vya miaka ya 1960, familia nyingi za Baraka, Mboko, Kazimia na Ubwari zimevuka ziwa, na watoto wakasomea upande wa Kigoma. Walirudi na Kiswahili cha Tanzania, wengine na Kiingereza kidogo, na hakuna aliyewaita wageni pale sokoni.

Mpinzani mkubwa wa Kabila katika uchaguzi ule, Jean-Pierre Bemba, alijitambulisha mbele ya watu kama Mkongomani asilimia mia, mwana wa inchi. Neno hilo lilishika sana Kinshasa na majimbo ya magharibi. Jambo ambalo halikusemwa kwa nguvu ni kwamba babu ya Bemba, upande wa baba, alikuwa Mreno. Baba yake, Jeannot Bemba Saolona, mfanyabiashara mkubwa wa wakati wa Mobutu, alizaliwa na baba Mreno na mama Mkongomani. Hakuna ubaya wowote katika hilo, na sheria haikumkataza Bemba kusimama. Ni vile tu hesabu ya asilimia ilifanywa kwa kandida mmoja, na kwa mwingine karatasi ikawekwa pembeni.

Duru ya pili ilipigwa tarehe 29/10/2006. Kabila alipata 58,05%, Bemba 41,95%. Kivu ya Kusini Kabila alipita 90%. Watu wa Fizi walimchagua mtu ambaye mji mkuu ulikuwa unamwita mgeni, na wengi walichukua lile tusi kama tusi lao: kumbe mtu wa Kiswahili ndiye mgeni?

Siku zikapita, mambo yakageuka. Tarehe 30/9/2025 Haute Cour militaire ilimhukumu Joseph Kabila adhabu ya kifo, yeye mwenyewe hayuko, kwa uhaini na makosa mengine yanayohusu uhusiano wake na AFC/M23. Katika kesi hiyo swali la mwaka wa 2006 lilirudi: mawakili wa upande wa kiraia walisema kwamba yeye si Mkongomani. Hapa sheria ina utata wake, kwa maana uhaini ni kosa la mwana-inchi; mgeni akifanya tendo lile lile anashitakiwa kwa upelelezi. Mahakama ilitoa hukumu ya uhaini. Mtu anaweza kukubali hukumu hiyo au kuikataa, lakini ilikuwa juu ya matendo, na matendo yanaweza kuchunguzwa bila kwenda kufukua kaburi la babu ya mtu.

Swali lenyewe, "baba yake alizaliwa wapi?", halikuanza na Kabila na halitaisha naye. Katika Fizi lina historia ndefu zaidi, na huko wanaouliza na wanaoulizwa ni majirani.

Sheria iliyohamisha tarehe

Ili kuelewa ugomvi huu inafaa kwanza kujua kwamba sheria ya uraia ya Kongo imehamisha tarehe yake mara nyingi. Katiba ya Luluabourg ya mwaka wa 1964 iliangalia kama mmoja wa mababu wa mtu alikuwa wa kabila lililokuwa katika inchi kabla ya tarehe 18/10/1908. Sheria ya tarehe 5/1/1972 ilikuja na kuwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya tarehe 1/1/1950. Kisha sheria ya tarehe 29/6/1981 ikafuta ile ya 1972 na kurudisha kalenda nyuma sana: mababu wawe walikuwa ndani ya mipaka ya Kongo tarehe 1/8/1885, wakati ambapo inchi hii ilikuwa ndiyo kwanza imechorwa kwenye karatasi huko Ulaya. Sheria ya leo, namba 04/024 ya tarehe 12/11/2004, na kipengele cha 10 cha Katiba ya 2006, vinasema kwamba Mkongomani wa asili ni yule wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru, ni kusema 1960.

Kwa hiyo familia moja, bila kutoka kijijini kwake, iliweza kuwa ya Kongo mwaka wa 1972, ikawa na mashaka mwaka wa 1981, ikawa ya Kongo tena mwaka wa 2004. Ng'ombe ni wale wale, shamba ni lile lile. Wanahistoria wengi wanasema vikundi vya kwanza vya wafugaji ambao leo wanaitwa Banyamulenge vilifika katika milima ya Uvira, Fizi na Mwenga kabla ya ukoloni. Wanasiasa ndio ambao hawajamaliza kubishana.

Mfano unaoonyesha mambo wazi ni wa Muhoza Gisaro. Alikuwa Munyamulenge, mtu aliyesoma. Mwaka wa 1977 alichaguliwa kuwa commissaire du peuple wa Uvira, ndiyo depite wa wakati ule. Ni yeye aliyesaidia sana kusambaza jina la Banyamulenge, ili watu wake wasichanganywe na wakimbizi waliotoka Rwanda baada ya 1959. Mwaka wa 1982 alitaka kusimama tena, na viongozi wa MPR wakaukataa ukandida wake kwa sababu ya "uraia wenye mashaka". Kati ya 1977 na 1982 mababu wa Gisaro hawakubadilika. Kilichobadilika ni sheria ya 1981, na pia hesabu ya kura, kwa maana kila kiti kilichokaliwa na mtu wa milima kilikuwa kiti kilichokosekana kwa mtu mwingine.

Mwaka wa 1987 ikafika mbali zaidi. Banyamulenge waliruhusiwa kupiga kura, lakini makandida wao walikataliwa. Mtu ana haki ya kumchagua mwingine, lakini yeye mwenyewe hawezi kuchaguliwa. Katika milima vijana walivunja masanduku ya kura. Miaka minane baadaye, tarehe 28/4/1995, bunge la mpito la Kinshasa, HCR-PT, lilipitisha azimio lililowaweka watu wote wenye asili ya Rwanda na Burundi katika fungu moja la wageni wa kurudishwa kwao, bila kutenganisha aliyefika juzi na ambaye babu yake alizikwa hapa. Mwaka uliofuata vita vikaanza, na kile ambacho kilikuwa ugomvi wa makandida kikawa ugomvi wa bunduki.

Kuhukumu matendo, kuhukumu uso

Ni kweli pia kwamba watu wa Fizi wana sababu nzito za kutokuwa na imani. Makobola, mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, haijasahauliwa. Mamia ya raia waliuawa kule, na askari wa RCD na washirika wao wa Rwanda ndio waliotajwa. Kasika, katika Mwenga, ilikuwa imetangulia mwezi wa Agosti 1998. Kandida aliyekuwa kiongozi wa RCD akikuja kuomba kura Baraka, mpigakura ana haki kamili ya kumwuliza: ulikuwa wapi siku ile, na ulisema nini?

Swali hilo aliulizwa Azarias Ruberwa, Munyamulenge, aliyeongoza RCD, akawa makamu wa rais kwa mapatano ya mwaka wa 2003, na akasimama kwa urais mwaka wa 2006 akapata karibu 1,7%. Kuulizwa ilikuwa haki. Lakini RCD haikuwa na watu wa kabila moja. Marais wake wa mwanzo walikuwa Ernest Wamba dia Wamba, mtu wa Bas-Congo, kisha Émile Ilunga wa Katanga, kisha Adolphe Onusumba wa Kasai. Gavana wa Kivu ya Kusini kwa muda mrefu wa RCD alikuwa Norbert Basengezi Katintima, Mushi. Baadaye alikuwa waziri, na akafika kuwa makamu wa rais wa CENI. Alexis Thambwe Mwamba wa Maniema alikuwa RCD pia. Akawa waziri wa sheria, kisha rais wa Seneti mwaka wa 2019. Wengine kati yao walisumbuliwa kwa siasa zao, lakini hakuna aliyewaambia: rudi kwenu. Ruberwa peke yake ndiye aliyejibu mara mbili, mara moja kwa RCD na mara nyingine kwa pua yake.

Na upande wa milima nao si wimbo mmoja. Mwaka wa 2002 askari Banyamulenge wakiongozwa na Pacifique Masunzu walipigana na RCD na jeshi la Rwanda kule Minembwe. Raia wao waliteseka katika vita hivyo. Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa usiku mmoja katika kambi ya Gatumba, Burundi. Mtu anayesema "hao wote walikuwa upande mmoja" anasema jambo ambalo wakaaji wa milima yenyewe wangemsahihisha, na wa kabila zote.

Hadithi ya komini ya Minembwe ilichanganya mambo haya yote. Serikali iliandika komini za vijijini mamia katika inchi nzima kwa maamuzi ya mwaka wa 2013. Karibu zote hazijulikani hata kwa jina. Ya Minembwe, meya wake alipowekwa tarehe 28/9/2020 mbele ya Ruberwa aliyekuwa waziri wa ugatuzi, ilitikisa inchi nzima, na tarehe 8/10/2020, akiwa Goma, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kuifuta. Ndani ya hasira zile kulikuwa na hoja ya kweli: Babembe, Bafuliiru na Banyindu wanasema mipaka ile inakata ardhi ya machifu wao, na hiyo ni hoja inayoweza kupimwa kwa ramani, kwa wazee na kwa mahakama. Kulikuwa pia na maneno mengine, kwamba watu wa kule wote hawana haki ya kuwa na meya popote. Katika redio na katika simu maneno hayo mawili yalitembea pamoja, na ikawa vigumu kwa mtu anayejali ardhi kusema neno lake bila kuhesabiwa kati ya wale wanaochukia watu. Kongo ina sheria dhidi ya ubaguzi wa rangi na wa kabila tangu tarehe 7/6/1966. Wengi hawajawahi kuisikia.

Dini nayo inapimwa kwa ratili mbili

Fizi ni inchi ya makanisa. Wametodisti Huru wana hospitali yao Nundu, CEPAC na CELPA ziko karibu kila kijiji, Wakatoliki wana parokia zao chini ya dayosisi ya Uvira. Kando ya ziwa, na zaidi Baraka, Waislamu wapo tangu wakati wa biashara ya Ujiji. Wakati wa kampeni kandida anapewa nafasi ya kusalimia waumini siku ya Mungu, anaacha mabati au mifuko ya simenti, na watu wanasema ni mcha Mungu. Kandida Mwislamu akisaidia msikiti, sikio linasikia neno lingine: anataka kuleta dini yake. Tendo ni lile lile, simenti ni ile ile.

Mashaka haya yana mizizi ya zamani. Serikali ya Wabelgiji iliwaangalia Waislamu wa mashariki kama mabaki ya Waarabu na Tippu Tip, ikaacha shule mikononi mwa wamisionari, na kwa hiyo vijana wengi wa Kiislamu walikosa karatasi za shule ambazo baadaye ndizo zilizofungua mlango wa kazi za serikali na siasa. Siku hizi imeongezeka habari ya ADF kule Beni na Ituri, waasi wanaojitaja kuwa wa Dola ya Kiislamu. Watu husahau kwamba Mei 2021 imamu aliyekuwa anahubiri dhidi ya ADF aliuawa kwa risasi ndani ya msikiti wa Beni.

Upande wa makanisa hakuna anayeshangaa kuona kola ya padri karibu na masanduku ya kura. Padri Malu-Malu aliongoza tume ya uchaguzi mwaka wa 2006, mchungaji Ngoy Mulunda mwaka wa 2011, na mchungaji Marini Bodho aliongoza Seneti wakati wa mpito. Walisifiwa au walilaumiwa kwa kazi yao, na hiyo ndiyo kawaida inayofaa. Hata ugomvi wa mwaka wa 2021 juu ya Denis Kadima wa CENI, ambapo Wakatoliki na Waprotestanti wa ECC walimkataa na madhehebu mengine sita yakamkubali, haukuwa wa dini. Walisema yuko karibu mno na rais. Mwaka wa 2011 wapinzani walikuwa wamesema hivyo hivyo juu ya Ngoy Mulunda na Kabila, na wakati ule waliokuwa wanajibu "angalieni kazi, si mahali alikotoka" walikuwa wengine.

Katiba yenyewe haina maneno mengi hapa. Kipengele cha 1 kinasema serikali haina dini. Kipengele cha 13 kinakataza kumnyima Mkongomani nafasi katika kazi za serikali kwa sababu ya dini, ukoo, rangi, kabila au lugha yake.

Majirani walipitia njia hiyo

Yeyote anayefikiri kwamba ugonjwa huu ni wa Kongo peke yake aangalie Zambia, upande wa pili wa Katanga. Kenneth Kaunda alitawala Zambia miaka 27, toka uhuru wa 1964 mpaka 1991. Wazazi wake walitoka Nyasaland, Malawi ya leo, na kila mtu alijua. Alipotaka kurudi, katiba ilibadilishwa mwaka wa 1996 ili rais awe mtoto wa wazazi wawili Wazambia. Mwaka wa 1999 mahakama ya Ndola ikasema kwamba huyo aliyekuwa rais hana uraia wa Zambia kabisa. Aliurudishiwa mwaka wa 2000. Lakini kamba hiyo ilimfunga hata aliyeisokota: wapinzani wa Rais Frederick Chiluba walikwenda mahakamani wakisema baba yake wa kweli alitoka Zaire. Mahakama Kuu iliikataa kesi hiyo mwaka wa 1998.

Côte d'Ivoire ililipa zaidi. Alassane Ouattara alikuwa waziri mkuu wa inchi hiyo toka 1990 mpaka 1993 na hakuna aliyeona shida. Alipotaka urais, walianza kutafuta asili ya wazazi wake upande wa Burkina Faso. Alizuiliwa mwaka wa 1995, akazuiliwa tena mwaka wa 2000, na mwaka wa 2002 inchi ikagawanyika kwa vita. Alichaguliwa mwaka wa 2010.

Tanzania, ambayo wakaaji wa Baraka wanaisikiliza kila siku kwenye redio, ilikuwa na habari ya Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba mwenye asili ya Kiarabu. Aliwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa, akawa waziri mkuu, akaongoza OUA toka 1989 mpaka 2001. Aliposimama ndani ya CCM kutafuta urais mwaka wa 2005, kampeni za chini kwa chini zilikumbusha Uarabu wake na kumuweka karibu na chama cha zamani cha Hizbu. Mtu aliyefaa kusema kwa jina la inchi mbele ya dunia nzima akaonekana hafai kuiongoza kutoka Dar es Salaam. Jakaya Kikwete ndiye aliyeteuliwa.

Na Marekani, Barack Obama aliyezaliwa Honolulu mwaka wa 1961 na baba Mkenya, alifuatwa miaka mitatu kuhusu cheti cha kuzaliwa na kuambiwa ni Mwislamu wa siri, mpaka alipotoa cheti kirefu Aprili 2011. Mpinzani wake wa mwaka wa 2008, John McCain, ndiye aliyezaliwa nje kabisa ya majimbo ya Marekani, katika eneo la mfereji wa Panama ambako baba yake alikuwa askari wa majini. Swali lake lilijibiwa kwa heshima na likaisha.

Kutoka Kasumbalesa mpaka Nyarugusu

Katika Kongo ya leo mtu anayeulizwa zaidi ni Moïse Katumbi. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes cha Ugiriki. Mama ni Mkongomani. Alizaliwa Kashobwe mwaka wa 1964. Aliongoza Katanga kama gavana toka 2007 mpaka 2015, na kazi hiyo pia inaomba uraia wa Kongo. Miaka hiyo yote alikuwa upande wa serikali, na baba yake alilala kwa amani. Alitoka katika serikali Septemba 2015. Baada ya hapo magazeti yakaandika, mwaka wa 2018, kwamba alikuwa na uraia wa Italia toka 2000 mpaka 2017, na Agosti ya mwaka ule akazuiliwa kuingia kwenye mpaka wa Kasumbalesa.

Hapa inabidi kutenganisha mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Uraia wa Italia ni swali halali, kwa maana Katiba inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine, na sheria ya 2004 inasema anayechukua uraia wa nje anaupoteza ule wa Kongo mpaka afuate njia za kuurudisha. Rangi ya baba si swali la sheria. Na hata swali halali linapaswa kuulizwa wote. Februari 2007, habari ya pasipoti mbili ilipoingia ndani ya Bunge la taifa na ikaonekana kwamba inagusa depite wa pande zote, Bunge lilitoa moratoire, watu wakaendelea kukaa kwenye viti.

Julai 2021 depite Nsingi Pululu alipeleka Bungeni pendekezo la Noël Tshiani: urais na kazi zingine za juu ziwe za mtu aliyezaliwa na baba na mama Wakongomani. Wengi waliona jina la Katumbi katikati ya mistari. Oktoba 2023 Tshiani, aliyekuwa kandida naye, aliiomba Cour constitutionnelle kumuondoa Katumbi. Mahakama ikasema ombi halina msingi. Katumbi alipata karibu 18% na kuwa wa pili. Pendekezo lenyewe lilikuwa halijapitishwa wakati ule.

Kuna wakaaji wa Fizi na Baraka waliolipenda, na sababu yao inaeleweka: inchi imevamiwa mara nyingi, watu wanatafuta mlango wa kufunga. Lakini mlango huo unafungwa juu ya nani? Kambi ya Nyarugusu, katika Kigoma, ilifunguliwa mwaka wa 1996 kwa Wakongomani waliokimbia, na wengi wao walitoka Fizi. Toka mwaka wa 2005 mashua za HCR zilianza kuwarudisha kwenye bandari ya Baraka. Wengine walirudi na waume au wake kutoka Kasulu, kutoka Kigoma, kutoka Rumonge. Wengine hawakurudi, walipelekwa Marekani, leo wana pasipoti ya kule, na pesa zao zinasaidia kampeni za ndugu zao hapa bila mtu kuuliza.

Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka wa 1998 na mama Mbembe na baba Muha amepita miaka 25 ambayo Katiba inaomba kwa depite. Kipengele cha 7 cha sheria ya 2004 kinamtambua kama Mkongomani tangu kuzaliwa, kwa kuwa mzazi mmoja, baba au mama, anatosha. Anaweza kuomba kura Mboko au Lusenda. Pendekezo la Tshiani likiwa sheria, lile la urais litamkatalia, kama vile lingemkatalia mtoto wa Soriano. Kandida anayeona kwamba kandida mwingine amevunja sheria ya uraia ana njia: CENI ikitangaza orodha, anapeleka ushahidi wake Cour constitutionnelle kwa urais na ubunge wa taifa, Cour administrative d'appel kwa ubunge wa jimbo. Majaji pale wataomba karatasi, na wataziomba kwa kila kandida atakayeshitakiwa.